Mzinga wa Sigilai

Ndoto ilimwachia Tapkigen palepale ilipomwachia mara zote: kwenye ukungu. Alikuwa akiupanda msitu wa Mau miguu mitupu, kushoto kijito, kulia mianzi, na kila kitu kilikuwa kikijieleza chenyewe bila kuulizwa. Mti huu umechoka. Maji haya yametoka mbali. Hapa jana alipita nyati, na alikuwa ameshiba. Kisha njia ikakatika. Mbele hapakuwa na giza wala mwanga. Hapakuwa na kitu kabisa. Akasimama kwenye ukingo wa ule utupu akisikia maji yakitembea ndani yake.

Alipofumbua macho jua lilikuwa la utosi, na ulimi wake ulikuwa umeganda kwa utamu.

"Umeona?" Mjomba Leboo alikuwa amepiga magoti kando ya ngozi aliyolalia, shingo ameinyoosha.

"Shimo."

"Lilelile?"

"Lilelile, Mjomba."

Leboo akashusha pumzi. "Shimo, shimo, kila siku shimo. Tulipangishe basi, tujue moja." Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Leboo, ndugu ya mama yake Tapkigen, ndiye aliyekuwa mtunza mtungi. Watu wa nje wakisikia habari za mtungi hudhani ni uganga, na Leboo hukasirika mpaka mishipa ikamtoka, maana yeye aliusomea. Kila ukoo wa Waogiek waliorudi msituni una ukanda wake, unaoanzia chini mpakani mwa mashamba na kupanda hadi kwenye mianzi, na kila ukanda una mizinga yake juu ya miti. Ndani ya mizinga hiyo, wakati wa kurudi, zilitiwa chembe ndogo kuliko chavua. Nyuki huzibeba miilini mwao. Kila wanachokigusa, ua, tope, maji, moshi, hata sauti ya mtu aliyesimama karibu, chembe hukinasa na kukirudisha kwenye sega. Asali ya koo zote ikichanganywa kwenye mtungi mmoja, akainywa mtu ambaye damu yake inaipokea, kisha akalala mchana nyuki wakiwa kazini, mtu huyo huutembea msitu mzima na kuamka akiwa anajua unaumwa wapi. Huyo huitwa mlalaji.

Tapkigen alikuwa mlalaji. "Kazi yake kulala," mashangazi walimtania, "na bado anaamka amechoka!"

Lakini chembe zina masharti yake. Ikifunguka haifungiki tena, imeshasema, imekwisha. Kila unachokitazama ndotoni kinakula chembe, kwa hiyo ukisimama kushangaa kipepeo, asali yote inaishia kwenye kipepeo. Tena mzinga mmoja ukikosekana mtungini, mahali walipokunywa maji nyuki wa mzinga ule panageuka ukungu, na mlalaji hajui tena kama yuko juu au chini.

"Ipo familia haijaleta yote," Leboo alisema akiusuuza mtungi na kuyamwaga maji kwenye mizizi ya mti, kama ilivyo ada. "Kuna mtu anatuficha. Na siku nikimjua, wallahi, hatanisahau."

Tapkigen akakunja ngozi polepole.

*

Zahanati ya bondeni ilijaa watoto wasiosikia miguu yao. Ugonjwa ulianza na mvua zilizopita: ganzi vidoleni, kisha tumbo, kisha mtoto anaanguka akienda chooni. Watu wa msituni na watu wa bondeni walikuwa wamepima kila chemchemi wanayoijua, wakaikuta safi. Tatizo la maji ya Mau ni kwamba hayakai mahali pamoja. Yanazama hapa, yanatembea chini ya ardhi, yanaibuka kule, na kabla hujauliza yametoka wapi yameshafika kwenye sufuria ya mtu.

Muuguzi Mwende alimpokea Tapkigen mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, na siku hiyo hata upole ulikuwa umemchosha.

"Umetuletea jibu, dada?"

"Bado."

"Ninaweza kuwapunguzia sumu mwilini, lakini wanakunywa nyingine jioni. Ninafagia huku upepo unarudisha taka." Akamwangalia usoni. "Sikulaumu. Ila fanyeni haraka."

Kwenye kitanda cha dirishani alilala mtoto wa Kimaasai, amechanuka masikio, mweupe wa meno. Miguu yake ilikuwa juu ya mto, naye aliitazama kwa wasiwasi kidogo, kana kwamba ni ya mwenzake aliyemwachia aichunge.

"Wewe ndiye unayelala ukaona?" aliuliza.

"Ndiye mimi."

"Nyuki nao wanalala?"

"Wanalala. Wengine hushikana miguu."

Mtoto akacheka, kisha akaiangalia tena miguu yake. "Ukilala tena, tazama kama miguu yangu iko huko. Mimi siioni."

Tapkigen akamuuliza jina. Alisema anaitwa Soila. Tapkigen akatoka nje haraka, akasimama nyuma ya tangi la maji, akalia mpaka kamasi zikamtoka, maana shimo lile alikuwa akilijua ni la nani.

*

Alilijua kutokana na kicheko. Kogo Tabelga, bibi yake aliyemlea, alikuwa akicheka usingizini. Si kicheko cha kizee. Kilikuwa cha msichana anayetekenywa, na asubuhi zake Kogo aliamka mashavu yamejaa, akanukia asali ambayo haikuwa kwenye kibuyu chochote cha nyumbani. Kwa muda mrefu Tapkigen alijifanya haoni. Jioni ile alipotoka bondeni akaketi mbele ya jiko, akasema bila kuzunguka:

"Kogo, mzinga wa Babu haukuangushwa na dhoruba kama ulivyotuambia."

Mikono ya Kogo ilikuwa ikimenya viazi. Ilitetemeka, lakini siku hizo ilikuwa ikitetemeka kila wakati, na yeye alidai ni uzee.

"Nani kakwambia?"

"Unacheka usingizini."

"Ala! Sasa hata kucheka kuna mwenye zamu?" Akaendelea kumenya. Kiazi kikapungua mpaka kikabaki cha kumchekesha mtu. Mwishowe akaweka kisu chini. "Haya. Haukuanguka. Uko palepale alipoutundika, juu kabisa, mpakani mwa mianzi. Na yeye yumo."

Tapkigen alijua maana yake. Kila mrina asali wa kwao huongea na nyuki kabla ya kupanda. Huwapa habari za nyumbani, huwaomba radhi, huwatania. Babu yake, Sigilai, alikuwa mwongeaji wa kupindukia. Maneno yake yote ya miaka yalinaswa kwenye masega ya mzinga ule, na Kogo alikuwa akiyala kidogo kidogo, kwa ncha ya kijiko, apate kulala naye chumba kimoja.

"Hunitaja," Kogo alisema. "Anawaambia nyuki nimenuna. Anawaambia nimepika nini. Mambo ya kipuuzi, mjukuu wangu, ya kipuuzi kabisa. Nilikuwa sijui kama ananisema hivyo."

"Mtungi unautaka mzinga mzima. Masega yote."

"Najua unachotaka mtungi. Nilikuwapo ulipofinyangwa." Sauti yake ikapanda. "Na unajua hao wa bondeni ni akina nani? Babu zao ndio waliotutoa humu tukiwa tumebeba watoto mgongoni, wakakata, wakachoma, wakalima. Sigilai alirudi humu kukiwa visiki vitupu. Leo nimtoe tena kwa ajili yao? Nimzike mara ya pili?"

"Kuna mtoto mmoja, Kogo. Anaitwa..."

"Usinitajie jina lake!"

Kogo aliinua mkono kumzuia. "Jina likishaniingia sikioni sitalala. Nenda kamwambie Leboo, mimi hapa nakaa. Wewe ndiye mlalaji. Nitaje mbele ya watu."

Hilo ndilo lililokuwa likimkaba Tapkigen. Mlalaji haruhusiwi kusema uongo juu ya alichokiona; lakini shimo si kitu kilichoonekana, na hakuna sheria inayomlazimisha kusema amenusa nini kwenye pumzi ya bibi yake. Angeweza kunyamaza. Angeweza pia kupanda mwenyewe akauteremsha mzinga, na Kogo asingekuwa na nguvu za kumzuia. Hakuna hata kimoja alichokitaka.

*

Koo zilikutana kwenye uwanja wa mtungi, na mambo yakaharibika mapema. Salau, msemaji wa ukoo wa juu, mtu wa maneno makali na masharubu ya kujivunia, alisimama kabla hata uji haujagawiwa.

"Tusizungushane. Ukoo wa chini ndio wanaouza asali barabarani. Waulizwe wao."

Ukoo wa chini ukainuka mzimamzima. Mtu akamwita Salau fisi, Salau akasema fisi ni shemeji zake, na pakawa hapasikilizani. Mwanamke mmoja alianza kubeba kibuyu cha kwao. "Kama tunaitwa wezi, basi tusichangie tena! Kila mtu aote ndoto ya kwake!"

Leboo akasimama mbele ya mtungi, mikono ameitanua. Tapkigen hakuwahi kumwona mjomba wake akiwa na hofu. Mtungi haukuwa na nguvu nyingine yoyote zaidi ya watu kukubali kuujaza, na kibuyu kimoja kikiondoka leo, kesho vingeondoka vyote.

"Shimo ni la kwetu," Tapkigen alisema.

Alisema polepole, ikabidi arudie. "Shimo ni la nyumbani kwetu. Ukoo wa chini hawajaficha kitu. Upo mzinga wetu mmoja haujaletwa, na mimi nilijua nikanyamaza. Wa kulaumiwa ni mimi."

Yule mwanamke akaweka kibuyu chini. Leboo alimtazama mpwa wake kwa uso wa mtu aliyepigwa kofi na mtu anayempenda.

"Mzinga gani?" Salau aliuliza, ukali umemwisha.

Kabla Tapkigen hajajibu, watu wa nyuma walianza kupisha. Si kwa makelele. Walitoka tu njiani mmoja baada ya mwingine, wakashuka kwenye nyasi, wakageuza nyuso pembeni. Kogo Tabelga alikuwa akija, na mkononi amebeba moto.

Moto ni bumba la maganda ya mti na kuvu, linaloshika kaa ndani na kutoa moshi wa kuwatuliza nyuki. Aliyebeba moto anaenda mzingani, na mtu huyo hasalimiwi. Desturi hiyo waliianza wenyewe waliporudi, wakati miti ilikuwa michache na nyuki wachache zaidi: akisimama kuongea, moto unazimika, na safari imepotea. Kwa hiyo unamwondokea njiani, unageuza uso asije akajisikia vibaya kukupita. Hata mama mzazi hasalimiwi.

Kogo alifika hadi kwa mjukuu wake, akampa lile bumba mikononi.

"Uongo huo wa kujitwisha makosa yangu umeutoa wapi?" alimnong'oneza. "Nimekulea hivyo mimi?" Kisha, kwa sauti iliyokatika: "Nenda kamshushe. Na ukimkuta kwenye ndoto, simama kidogo. Kidogo tu. Sikiliza anasema nini, uniletee."

Tapkigen akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amebeba moto, hakuweza kujibu.

*

Mzinga ulikuwa gogo la mwerezi lililogeuka rangi ya jivu, limelala kwenye panda ya mti kama mtu aliyejinyoosha baada ya chakula. Tapkigen aliwaambia nyuki habari za nyumbani. Walikuwa wachache na wazito, wakamwacha achukue bila hata mmoja kumchoma, na jambo hilo lilimwogofya kuliko kama wangemvamia. Aliwaachia kipande cha sega kilichokuwa kitupu, wapate pa kuanzia. Kilichobaki kilijaza kibuyu kidogo.

Siku iliyofuata, kila ukoo ulirudi kujaza mtungi, na ukoo wa chini ndio waliotangulia. Leboo alichanganya, akakoroga, akampa. Kogo aliketi karibu na ngozi akiwa amejifunika shuka hadi kidevuni. Jua lilipanda. Nyuki wakasikika kila upande, na sauti yao ikawa ndefu, ikawa pana, ikawa njia.

Tapkigen alikuwa akipanda. Mara hii msitu haukuwa na mshono hata mmoja. Aliusikia ukiota kucha zake za majani, akaisikia mvua ya mwaka uliopita ikitafuta njia kwenye mawe. Mkononi mwake bumba lilikuwa likifuka moshi, ingawa hakukumbuka kulichukua. Kijito kilimtangulia kikizama na kuibuka, naye akakifuata ndani ya ardhi bila kuinama, kwenye vyumba vya maji vilivyokuwa na mwanga wa kijani, hadi pale ulipokuwa ukungu.

Ukungu haukuwapo. Palikuwa na mti wenye gogo la mwerezi, lakini gogo lilikuwa bado jekundu, limechongwa jana. Na chini yake, kwenye njia nyembamba, mtu alikuwa akija huku akiongea peke yake.

Alimjua kwa mabega. Alikuwa na nguo ya ngozi ya pimbi na kofia ya sufu aliyofumiwa na Kogo, ile iliyopungua upande mmoja. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kumfikia, neno la kwanza, nusu ya pili, jina la mtu, na ndani ya sauti hiyo palikuwa na joto la kumfanya mtu atake kuketi chini. Tapkigen alihisi asali ikipungua damuni mwake. Mkono wa kulia, ng'ambo ya mti, kijito kilikuwa kikiingia chini ya mianzi na kutoka na ladha nyingine. Ladha ya chuma. Alikuwa na pumzi ya kutosha jambo moja.

Alikaza mwendo. Hakusimama.

Chini ya mianzi, chini ya mizizi, kulikuwa na ukuta. Saruji. Handaki refu lenye ngazi za kushukia ng'ombe upande mmoja na za kupandia upande wa pili, limefukiwa, limepandiwa, limesahauliwa, na mizizi ya mianzi imelipasua kama ganda la yai. Ndani yake dawa ya kupe ya enzi za mashamba ilikuwa bado inangoja mifugo. Ilikuwa ikidondoka kwenye maji tone kwa tone, bila haraka, bila ubaya wowote moyoni. Kisha ndoto ikamwachia.

*

"Josho," alisema kabla ya kufumbua macho. "Mjomba, ni josho la zamani. Juu ya mzinga wa Babu, mianzi ile minene iliyojitenga. Ufa uko upande wa machweo."

Leboo hakuuliza mara mbili. Uwanja mzima uliinuka. Salau alikuwa wa kwanza kuchukua sururu, na mtu wa ukoo wa chini akampokea mzigo wa kamba bila kuombwa. Mwingine alitumwa mbio bondeni amwambie Muuguzi Mwende wasichote tena kijitoni, na aje na dawa za kutosha, maana kuna mzee msituni, mla asali ya mzinga ule, ambaye mikono yake inatetemeka na hakuwa amezeeka kiasi hicho. Miguu ikasikika ikipanda, vicheko vya wasiwasi, kisha miti ikavimeza.

Kogo hakuwa ameondoka pale kwenye ngozi.

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta, Kogo."

"Alivaa nini?"

"Kofia yako. Ile mbovu."

Kogo akafumba mdomo kwa kiganja. "Alisema nini?"

Tapkigen alitazama mikono yake. Angeweza kutunga. Alikuwa na nusu ya jina, na kwa nusu hiyo angeweza kumshonea bibi yake shuka la kujifunika maisha yake yote. Machozi yakamtangulia.

"Sikusimama. Nisamehe, Kogo. Asali ilikuwa inaisha. Nilimpita."

Nyuki walikuwa wakirudi mizingani, na kivuli cha mti kilikuwa kimefika kwenye mtungi.

"Ulikuwa umebeba moto?" aliuliza mwishowe.

"Nilikuwa nao mkononi. Sijui nilivyoupata."

"Na yeye? Alipokuona?"

Tapkigen alifikiri, akaona tena, safari hii kwa macho yake mwenyewe. "Alinyamaza. Akashuka kwenye majani. Akageuza uso, akanipisha."

"Akakupisha," Kogo alisema. Kitu kikaanza kumtikisa kifuani, na Tapkigen hakujua kama ni kilio mpaka kilipotoka nje kikiwa kicheko, kile cha usingizini, cha msichana. "Mpuuzi yule! Nilipokuwa mchumba wake nilimsubiri njiani nusu siku, nimejipaka mafuta, akanipita na moto wake kama vile mimi ni kisiki. Sikumsemesha mwezi mzima. Akasema nikibeba mimi, atanipisha hivyohivyo, hata awe maiti." Akajifuta uso kwa shuka, akajifuta tena. "Basi hakuwa na neno la kunitumia. Moto ule ulikuwa wangu, naye amefanya alichosema."

Alichukua kile kibuyu kidogo, akakigeuza, akakigonga chini. Hakikutoa kitu. Akakiegemeza kwenye jiwe kikauke kwa ajili ya asali ya mwaka ujao. Kisha akavuta shuka mabegani, akamtazama mjukuu wake kwa macho mekundu yaliyokwisha kukauka.

"Haya," alisema. "Niambie sasa. Yule mtoto anaitwa nani?"